Kikombe cha Samunge na Sindano ya Julai

Tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alichomwa chanjo ya UVIKO-19 hadharani, Ikulu jijini Dar es Salaam, ili wananchi waone kwa macho yao. Siku mbili baadaye, tarehe 30, akafariki wilayani Ngorongoro mzee Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa KKKT, ambaye Watanzania wanamkumbuka kwa jina la Babu wa Loliondo. Habari hizo mbili zilipita katika wiki moja. Kila moja ilizungumzwa kivyake, na sikumsikia mtu akiziweka pamoja. Mimi nataka kuziweka pamoja, maana naamini kwamba anayetaka kuelewa kwa nini waumini wetu walisita mbele ya sindano ile, hana budi kwanza aelewe kwa nini hawakusita mbele ya kikombe.

Msomaji atakumbuka mwaka 2011. Kijiji cha Samunge, ambacho wengi wetu hatukuwahi kulisikia jina lake, kilijaa magari hadi foleni ikahesabiwa kwa kilomita. Walikuja wakulima na wafanyabiashara, walikuja mawaziri, walikuja watu kutoka Kenya na mbali zaidi. Mzee alichemsha mizizi ya mti uitwao mugariga, akawapa watu kikombe kimoja kimoja kwa shilingi 500, tajiri na maskini bei ileile. Alisema Mungu ndiye aliyemwonyesha dawa ile katika ndoto. Wapo waliofia njiani na kwenye foleni kabla ya kukifikia kikombe. Wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa kuamini wamekwisha kupona, na hawakuwa wamepona. Kikombe hakikuponya UKIMWI. Hilo tuliseme bila kumvunjia heshima marehemu.

Lakini tuangalie kile ambacho watu hawakuuliza. Hawakuuliza dawa imejaribiwa kwa watu wangapi. Hawakuuliza kilichomo. Hawakuuliza kwa nini imepatikana haraka. Miaka kumi baadaye maswali hayo yote yaliulizwa, tena kwa sauti kubwa, kuhusu chanjo. Shehena ya kwanza, dozi zaidi ya milioni moja za Johnson & Johnson, ilikuwa imewasili tarehe 24 Julai kutoka Marekani kupitia mpango wa COVAX. Ilikuwa bure, na hata ubure wake ukawa sababu ya kuitilia shaka: tangu lini Mzungu akatoa kitu cha bure?

Wako wasomi wanaomaliza jambo hili kwa neno moja, ujinga. Sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni kadi ya kliniki. Mama wa Kitanzania hubeba mtoto mgongoni, akatembea saa mbili kwenda zahanati, akasubiri kwenye benchi mpaka jua liwe la utosi, ili mtoto wake achomwe sindano za kifua kikuu, pepopunda, kifaduro na surua, na adondoshewe matone ya polio. Kwa miaka mingi nchi yetu imekuwa miongoni mwa zile zinazofanya vizuri Afrika katika chanjo za watoto. Mama huyohuyo, Agosti 2021, alipita mbele ya zahanati ileile bila kugeuka. Hakuwa amesahau chanjo ni nini. Kuna jambo jingine lililomsimamisha, na historia inaweza kutusaidia kulitambua.

Nianze na neno lenyewe. Chanjo ni neno letu, halikuja na meli. Linatokana na kuchanja: mganga alichanja ngozi kwa wembe, akapaka dawa kwenye chale ili iingie mwilini, mtu akingwe. Sisi Wakristo tumeipinga kwa haki sehemu kubwa ya yale yaliyoambatana na chale zile. Hata hivyo watu wetu walibaki na ufahamu mmoja kutokana nazo, nao ni kwamba huwezi kumpa mtu usiyemjua ngozi yako. Anayekuchanja anaingiza kitu ndani yako ambacho huwezi kukitoa tena. Kwa hiyo swali la kwanza haliwi dawa hii ni nini, bali ni nani huyu mwenye wembe.

Swali hilo halikuwa la kipuuzi wakati wa ukoloni. Mwanzoni mwa karne iliyopita malale yaliwaua watu zaidi ya laki mbili kuzunguka Ziwa Viktoria upande wa Uganda, na hofu ikavuka mpaka hadi Buhaya. Mwaka 1906 Ujerumani ilimtuma Robert Koch, mtu aliyekuwa amepokea Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia kwa kazi yake juu ya kifua kikuu. Koch alipiga kambi katika visiwa vya Sese, akawatibu wagonjwa kwa atoksili, dawa yenye sumu ya aseniki. Mwanzoni ilionekana inafaa, na wagonjwa walimiminika. Ugonjwa uliporudi, akaongeza kipimo. Wagonjwa zaidi ya ishirini wakapofuka, wasipate kuona tena. Watu wakaanza kukimbia. Upande wa Kijerumani kambi ya wagonjwa iliwekwa Kigarama, Kiziba, na wengine wakafichwa na ndugu zao wasipelekwe huko.

Je, aliyemficha ndugu yake alikuwa mjinga? Aliona vema kuliko daktari. Tena tukumbuke ni miaka gani: kusini vita vya Maji Maji vilikuwa vinawaka, na serikali iliyoleta sindano ndiyo iliyokuwa inakusanya kodi ya kibanda kwa kiboko. Mkono ni uleule. Sisemi kwamba mama aliyepita mbele ya zahanati mwaka 2021 alikuwa anamfikiria Koch. Sina shaka wengi hawajawahi kulisikia jina hilo. Nasema kwamba jamii hurithi tahadhari hata inaposahau kisa kilichoizaa.

Tusidhani pia kwamba jambo hili ni la Waafrika. Uingereza ilipitisha sheria ya kulazimisha chanjo ya ndui kwa watoto wachanga mwaka 1853. Maskini walioshindwa au kukataa walitozwa faini, na wasioweza kulipa waliuziwa vyombo vya nyumbani au kufungwa. Mji wa Leicester ukawa kitovu cha upinzani, na mwaka 1885 maelfu waliandamana barabarani. Chanjo ya wakati ule mara nyingi ilichukuliwa kwenye mkono wa mtoto mmoja ikapelekwa kwa mwingine, na kuna watoto walioambukizwa kaswende kwa njia hiyo. Hofu yao ilikuwa na chembe ya ukweli ndani yake. Mwaka 1898 Bunge lililegeza, likaruhusu mzazi mwenye pingamizi la dhamiri aachwe.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Boston, mwaka 1721, kwa kuwa mchungaji yumo, mtumwa yumo, na Biblia imo. Mchungaji ni Cotton Mather. Mwaka 1706 washarika wake walimnunulia mtumwa Mwafrika kuwa zawadi, naye akamwita Onesimus, jina la mtumwa wa Filemoni. (Sijui kama aliwahi kuusoma waraka ule hadi mwisho.) Siku moja alimuuliza kama amewahi kuugua ndui. Onesimus akamweleza kwamba kwao walichukua usaha wa mgonjwa, wakamchanja mtu mzima wa afya kidogo mkononi, akaugua kidogo, kisha ndui haikumpata tena. Akamwonyesha kovu. Mather aliwauliza Waafrika wengine mjini, wakamwambia jambo lilelile. Baadaye akasoma taarifa za madaktari kutoka Uturuki zilizosema hivyohivyo.

Ndui ilipoingia Boston kwa meli mwaka 1721, Mather aliwaandikia madaktari wa mji akiwasihi wajaribu. Mmoja tu alikubali, Zabdiel Boylston, ambaye alianza na mwanawe wa miaka sita na watumwa wake wawili, mmoja mtu mzima na mwingine mtoto. Mji ukalipuka kwa hasira. William Douglass, daktari pekee pale mwenye shahada ya udaktari, alicheka kwamba watu wazima wanaamini hadithi za watumwa Waafrika. Wengine walisema ni kuvunja amri ya tano kumtia ugonjwa mtu mzima wa afya, na wengine kwamba ni kumnyang'anya Mungu haki ya kuamua nani augue. Wachungaji wengi wa mji waliiunga mkono njia hiyo na madaktari wengi waliipinga, kinyume na tulivyozoea kusimulia. Mwezi Novemba mtu alirusha bomu dirishani kwa Mather usiku. Kwa rehema ya Mungu halikulipuka. Ugonjwa ulipokwisha, kati ya watu wapatao 6,000 walioambukizwa ndui, 844 walikuwa wamekufa. Kati ya takribani 240 waliochanjwa na Boylston, walikufa sita.

Ningeweza kuishia hapo na kusema imani na elimu zilishinda. Lakini Mather alikuwa na historia. Miaka thelathini kabla, katika kesi za uchawi za Salem, kalamu yake ilikuwa imesaidia kuzitetea mahakama zilizowanyonga watu wasio na hatia. Watu wa Boston hawakusahau. Mchungaji yuleyule aliyewaambia wakati ule waamini mambo ya mapepo, sasa aliwaambia waamini usaha wa ndui. Alikuwa sahihi mara hii, ila wangejuaje? Na mtu aliyekuwa na elimu yenyewe, aliyebeba ushahidi mkononi mwake, hakupewa nafasi ya kusimama na kusema. Ilibidi neno lake lipitie kinywa cha bwana wake, likachafuka huko.

Kila ninapofundisha kisa hiki huwarudisha wanafunzi kwenye 2 Wafalme sura ya 5. Tumezoea kumhubiri Naamani kama mfano wa kiburi. Ukimsoma kwa makini ni mtu aliyesita mbele ya tiba. Alikuwa na sababu zake: nabii hakutoka hata kumsalimu, mto ni wa nchi ya adui, na kwao kuna mito mizuri zaidi. Habari ya tiba ilikuwa imeletwa na msichana mateka asiye na jina. Naamani hakugeuzwa na mfalme, wala na barua, wala na nabii. Watumishi wake walimkaribia, wakamwita baba, wakamuuliza swali la upole. Akashuka mtoni.

Kaskazini mwa Nigeria walipitia jambo la namna hii miaka ya karibuni. Mwaka 2003 jimbo la Kano lilisimamisha chanjo ya polio kwa takribani mwaka mzima, kwa madai kwamba imetiwa vitu vya kuwafanya wasichana wasizae. Madai hayo hayakuwa kweli, na polio ilisambaa kutoka huko hadi nchi nyingine zilizokuwa zimekwisha kuishinda. Watoto walipooza. Hata hivyo, mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilikuwa imejaribu dawa mpya kwa watoto mjini Kano. Watoto 11 walikufa katika jaribio lile, wazazi wakasema hawakuelezwa kuwa ni jaribio, na kesi ilidumu miaka mingi hadi mwaka 2009 kampuni ilipokubali kulipa fidia, ikiwa inaendelea kukana kosa. Mzozo wa polio ulipomalizwa, ulimalizwa kwa mazungumzo na viongozi wa Kiislamu na kwa kuleta chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu wenzao. Waliopokea walijua imetoka kwa nani.

Sasa nirudi nyumbani. Ugonjwa ulipoingia Machi 2020, tuliambiwa tusiogope, na makanisa hayakufungwa. Aprili yalitangazwa maombi ya siku tatu, Mei zikawa siku za shukrani. Takwimu ziliacha kutolewa zikiwa zimefika wagonjwa 509 na vifo 21. Tukaambiwa kuhusu vipimo vya papai na mbuzi. Tulijifukiza, tulipiga nyungu, tulikunywa tangawizi na malimao. Na katika hayo sioni ubaya, kwa maana mtu aliyeumwa alihitaji kufanya kitu. Tarehe 27 Januari 2021, akiwa Chato, Hayati Rais Magufuli aliwatahadharisha wananchi juu ya chanjo za kigeni: kama Wazungu wangekuwa na uwezo huo, alisema, chanjo ya UKIMWI ingekuwa imekwisha kupatikana. Wiki hiyohiyo Baraza la Maaskofu Katoliki lilikuwa limewaandikia waumini wake likiwakumbusha kwamba ugonjwa upo, na viongozi wa KKKT nao wakahimiza tahadhari. Februari ikawa mwezi wa misiba. Maalim Seif Sharif Hamad na Balozi John Kijazi walifariki siku moja, tarehe 17.

Katika makaburi yetu lilizuka neno jipya. Wasifu wa marehemu ulisema alipata changamoto ya kupumua. Familia ziliandika hivyo na wachungaji walisoma kilichoandikwa, na kila aliyesimama pale alijua. Naliona neno hilo kuwa ufunguo wa yote yaliyofuata. Mahali ambapo ugonjwa hauna jina, kinga yake haina maana. Utamwambiaje mjane ajikinge na kitu ambacho, kwa maneno yetu wenyewe mbele ya jeneza, hakikumuua mume wake?

Kisha, miezi sita tu baada ya Chato, sauti ya Serikali iligeuka. Iligeuka kuelekea kweli, na namshukuru Mungu kwa hilo. Ila mwananchi alikuwa ameambiwa mambo mawili kutoka jukwaa lilelile. Naye Askofu Josephat Gwajima, aliyekuwa pia Mbunge wa Kawe, aliendelea kuhubiri dhidi ya chanjo hadi Bunge likamsimamisha mikutano miwili. Watu walipomsikiliza yeye badala ya Wizara, tusidhani ni kwa sababu alikuwa na hoja za kitabibu. Alikuwa anasema Julai alichokisema Januari, na msimamo usiogeuka huonekana kama ukweli hata pale usipokuwa ukweli.

Kulikuwa pia na hofu ambayo ni yetu wanateolojia kuijibu, ile ya chapa ya mnyama katika Ufunuo 13. Nimeulizwa swali hilo na wazee wa kanisa na vijana wa kipaimara. Jibu liko katika sura yenyewe: chapa pale ni alama ya kuabudu. Mwenye kuipokea amemsujudia mnyama na anajua anamsujudia nani. Hakuna mtu anayemkana Kristo bila kujua, kwa kuchomwa begani akiwa amelala au akiwa mgonjwa. Anayefundisha kwamba inawezekana anaufanya wokovu kuwa kitu cha kuibiwa kwa hila, na huo si ujumbe wa Yohana kwa makanisa yaliyoteswa.

Na wale waliosema kwamba kuchanjwa ni kukosa imani, Luther aliwajibu mwaka 1527. Tauni ilikuwa imeingia Wittenberg, chuo kikuu kikahamia Jena, yeye akabaki kuwahudumia wagonjwa pamoja na mkewe Katharina aliyekuwa mjamzito. Akaandika waraka kujibu swali la wachungaji wa Breslau, kama Mkristo anaruhusiwa kukimbia tauni. Anawaheshimu wanaobaki, hawalaani wanaokimbia ikiwa hawaachi wajibu wao. Mkali anakuwa kwa watu wa kundi la tatu, wanaodharau dawa na kujichanganya na wagonjwa ovyo ili waonekane wana imani. Hao, kwa maoni yake, wanamjaribu Mungu, na wakimwambukiza jirani wana hatia ya damu yake. Dawa ameiumba Mungu na akili ametupa yeye. Inashangaza jinsi waraka huo ulivyosomwa kwa nadra katika sharika za kanisa linaloitwa kwa jina la mwandishi wake.

Mwanzoni mwa 2022 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi ambazo hata mtu mmoja katika kumi hajakamilisha chanjo. Mwaka ule hali ilibadilika sana. Chini ya ule uliopewa jina la Mpango Shirikishi na Harakishi, wahudumu waliacha kusubiri vituoni, wakaenda nyumba kwa nyumba, minadani, mashambani, na kwenye nyumba za ibada. Viongozi wa dini na wa mitaa walielezwa kwanza, wakauliza maswali yao, ndipo wakasimama kutangaza. Chanjo haikuwa imebadilika. Mlangoni alikuwa amesimama mhudumu wa afya wa kijiji, mtu ambaye mama yake alijulikana na deni lake dukani lilijulikana. Kwa namna fulani ilikuwa Samunge tena, safari hii kikombe kikiwa na dawa iliyopimwa.

Pwani hiihii yetu ya Afrika Mashariki, kaskazini zaidi, katika mji wa Merca nchini Somalia, alikuwapo kijana mpishi wa hospitali aitwaye Ali Maow Maalin. Ndui ilikuwa inakaribia kutoweka duniani na wachanjaji walikuwa mjini. Yeye hakuchanjwa; alieleza baadaye kwamba sindano ilionekana inauma, akaogopa. Oktoba 1977 alipanda gari pamoja na wagonjwa wawili kuwaonyesha njia, mwendo wa dakika chache, akaambukizwa. Alipona. Ndiye mtu wa mwisho duniani aliyeugua ndui kwa njia ya kawaida. Polio iliposumbua Somalia alijitolea kuzunguka kwa wazazi waliosita. Hakuwapa takwimu. Aliwaambia kwamba yeye aliogopa sindano, na kilichompata. Alifanya kazi hiyo kwa miaka, hadi Julai 2013, alipougua malaria akiwa katika kampeni ya polio, akafa.